Ukishuka Duarani, Tazama Kabari

Wageni walishushwa hivi karibuni kwenye duara moja, shimo la wachimbaji, hapa Geita, wakapanda juu wakilisifu: matimba manene, mapya, yamepasuliwa mraba na kupangwa kwa mstari. Nilikuwa nimeshuka humo kabla yao. Kati ya matimba hayo na mwamba, ngumi yangu ilipita bila kugusa kitu. Inaniudhi kazi kama ile kuitwa nzuri.

Asiyejua hutazama mti. Fundi hutazama kabari. Mwamba ambao haujaguswa na timba una pa kusogea. Ukishasogea hukatika vipande, na uzito uliokuwa umejibeba wenyewe unamwagika kwa mpigo mmoja. Hapo hata mkaratusi mnene kama paja unavunjika. Timba linawekwa ili mwamba usianze kusogea kabisa. Ndiyo maana hukazwa kwa kabari mbili zinazokabiliana, moja ikipigwa kutoka huku na nyingine kutoka kule, na nyuma yake hupangwa mawe mpaka kidole kisipite. Kabari iwe ya mti laini kuliko timba lenyewe. Mzigo ukizidi, yenyewe hubonyea kwanza, nawe unapata muda wa kutoka.

Mzee aliyenifundisha kazi Nyarugusu alianza kila asubuhi kwa kugonga kabari, moja baada ya nyingine. Kisha aligonga mwamba, kiganja cha mkono wa pili kikiwa juu yake. Ukilia kwa sauti kali, tuliingia. Ukitoa sauti ya uwazi au kiganja kikihisi mtetemo, hakuna aliyepita mpaka jiwe lile liangushwe. Hakuna aliyethubutu kumharakisha. Siku hizi watu wanaingia moshi wa baruti haujatoka.

Fundi mwingine nilimkuta ameziba uwazi kwa viroba vya udongo, akakandika tope juu. Mvua ziliponyesha, udongo ulitiririka, matimba yakabaki yananing'inia.

Tangu Nyangalata, Kahama, mwaka 2015, kifusi kilipowafungia wachimbaji na watano wakatolewa hai baada ya siku 41, kila mtu anauliza kama duara lina matimba. Kabari hawaziulizi.

Timba zuri ni la mviringo, limechubuliwa magome ili ufa uonekane mapema. La mraba silipokei: msumeno umeshakata nyuzi zake. Na nikikuta msumari mahali pa kabari, napanda juu.