Walinipigia Makofi

Jioni moja, katika msimu wa kukausha tumbaku, nilikaa na mzee jirani yetu nje ya bani lake huko Ulowa, Ushetu. Kila baada ya muda aliinuka, akasukuma gogo ndani ya tanuri, akachungulia joto, akarudi kukaa. Nikamwuliza siku hizi kuni anazitoa wapi. Akasema zamani alikata hapo hapo nyuma ya nyumba. Sasa anakodi mkokoteni wa ng'ombe na siku nzima inaishia njiani.

"Kwa hiyo kuni zimeanza kula faida ya tumbaku," nikasema.

Akacheka. "Zilianza zamani, mwalimu. Wewe ndiye umechelewa kuona."

Nikaleta habari ya kupanda miti. Akakataa mikaratusi, kwa sababu shamba lake linapakana na kisima na anaamini miti ile itamkaushia maji. Nikaacha mikaratusi, tukajadili miti mingine. Tulipoagana alikuwa ameshaamua ni kipande kipi cha shamba atakitenga.

Kesho yake nikasimama mbele ya wakulima wenzake kuongea jambo lile lile. Nilikuwa nimeombwa dakika kumi, na nilikuwa na karatasi. Nilizungumzia mabadiliko ya tabianchi, matumizi endelevu ya rasilimali, na umuhimu wa kumpunguzia mkulima gharama za uzalishaji. Sauti yangu ilipanda mahali ilipotakiwa kupanda. Nilipomaliza walipiga makofi, tena mengi.

Kisha mama mmoja akasimama. "Tunakushukuru, mwanetu. Sasa hayo makato kwenye malipo yetu, yanaondolewa msimu huu au ujao?"

Makofi aliyopigiwa yeye yalizidi yangu. Mimi sikuwa nimetaja makato hata mara moja. Lakini watu waliokaa juani wakiwaza makato walisikia neno "kupunguza gharama", wakalipeleka walikotaka wao. Mvua zilipokuja, mzee wangu alipanda miti yake. Kati ya wale walionipigia makofi, sikumwona mwingine aliyepanda.

Wiki chache baadaye nilirudia kusoma *Juliasi Kaizari*, tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Mwalimu Nyerere. Tafsiri ya kwanza ilitoka mwaka 1963, na aliyoisahihisha ikatoka mwaka 1969. Shuleni tulifundishwa kwamba ni tamthilia ya usaliti na tamaa ya madaraka. Safari hii niliisoma kama tamthilia ya watu wanaoongea, wengine wawiliwawili na wengine mbele ya umati, na nikakutana na aibu yangu katikati ya kitabu.

Caesar ameuawa. Brutus anapanda jukwaani kuwaeleza wananchi wa Roma kwa nini. Katika Kiingereza cha Shakespeare, Brutus anatumia nathari hapa, sentensi zilizopimwa na kusawazishwa kama mizani, hoja juu ya hoja. Anasema amemwua rafiki yake ili Roma isiwe na mtawala mmoja juu ya watu wote. Umati unashangilia. Halafu mmoja wao anapaza sauti akitaka Brutus ndiye afanywe Caesar.

Nilikuwa nimeusoma mstari huo mara nyingi bila kusimama. Safari hii nilifunga kitabu. Watu wamemsikiliza, wamempenda, na wanataka kumpa kitu kile kile alichoua ili kisiwepo. Makofi yamekuja na hoja haijafika. Brutus haoni. Anamwachia Antony jukwaa na kuondoka, ingawa Cassius alikuwa ameonya mapema kwamba Antony asiruhusiwe kuongea.

Wanaofundisha kuhutubu hupenda kutuambia tuongee mbele za watu kama tunavyoongea na rafiki. Ushauri huo ni nusu ya kweli, na tamthilia inaonyesha nusu iliyobaki. Mwanzoni kabisa, Cassius anamvuta Brutus kwenye njama kwa mazungumzo ya wawili. Anasoma uso wa mwenzake. Kelele za umati zinaposikika kutoka nje na Brutus akaonyesha hofu, Cassius anaikamata hofu hiyo na kuendelea nayo. Anafanya kama nilivyofanya kwenye bani: mikaratusi ikikataliwa, unaiacha. Msikilizaji ndiye anayekuongoza, kwa sababu ana nafasi ya kukujibu.

Jukwaani nafasi hiyo haipo. Ukiongea na watu mia kwa mtindo wa kirafiki, ukatabasamu na kutania, bado hakuna atakayekukatiza kukwambia kwamba ana kisima. Kwa hiyo hotuba haiwi mazungumzo kwa sababu ya sauti laini. Inakuwa mazungumzo pale msemaji anapojua wasikilizaji wangeuliza nini, akajibu kabla hawajauliza. Kazi ya kuwajua inafanyika kabla ya siku ya mkutano. Ukifika jukwaani hujaifanya, umechelewa.

Nyerere alilijua hili, na si kwa kutafsiri tu. Mwanzoni mwa Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipokuwa yamevamia Kagera, aliongea na wazee wa Dar es Salaam katika ukumbi wa Diamond Jubilee. Watanzania wengi, hata waliozaliwa miaka mingi baadaye, wanayajua maneno matatu ya siku ile: uwezo, sababu, nia. Husifiwa kwa mdundo wake. Mimi nayasikia kama majibu. Mzee aliyekaa ukumbini, mwenye kijana wa kupeleka vitani, ana maswali matatu hata kama hafungui mdomo: Tunaweza kweli? Kwa nini tupigane? Tumeamua, au tunatisha tu? Kila neno linajibu swali moja. Lugha yetu yenyewe inalitambua jambo hilo, maana tunasema rais *anahutubia* taifa, lakini *anazungumza na* wazee.

Ningependa kuishia hapo, lakini tamthilia hainiruhusu. Brutus akishaondoka, anasimama Antony, na Antony anawajua wasikilizaji wake kuliko mtu yeyote Roma. Anawauliza maswali na kuwasubiri wajibu. Anawaonyesha wasia wa Caesar, kisha anakataa kuusoma mpaka wamlazimishe. Anashuka jukwaani, anawafanya wauzunguke mwili, anawaonyesha joho lililotobolewa na visu. Ndipo anapowasomea kwamba kila mwananchi ameachiwa fedha. Hotuba yake ndiyo iliyo karibu zaidi na mazungumzo katika tamthilia nzima, na matokeo yake ni moto. Katika onyesho linalofuata umati unamkuta Cinna, mshairi, ambaye jina lake linafanana na la mmoja wa waliomwua Caesar. Anajieleza kwamba yeye siye. Hawajali. Wanamshambulia hivyo hivyo.

Kwa hiyo kuwajua wasikilizaji si wema kwenyewe. Brutus aliwaheshimu watu bila kuwajua. Antony aliwajua, akawatumia. Wahakiki wengi hutuuliza nani kati yao alikuwa msemaji bora, na jibu huwa Antony. Swali linalonisumbua mimi ni kwa nini mtu mmoja asingeweza kufanya yote mawili.

Nimeombwa tena niongee na wakulima wale, kabla ya mvua. Safari hii sijaandika kitu bado. Nimekuwa nikizunguka nyumba kwa nyumba, jioni, watu wakiwa wametulia, nauliza habari za kuni na kunyamaza. Nimesikia mengi: nani shamba lake ni la kukodi na hawezi kupanda mti kwenye ardhi ya mwenzake, nani alipanda na mbuzi wakamaliza miche. Na kila nyumba nimesikia makato.

Sasa ninajua jinsi ya kuwainua kwenye viti. Ningetamka tu kwamba anayepanda miti atapunguziwa makato, mkutano mzima ungesimama, na pengine miche ingeisha siku hiyo hiyo. Ningekuwa nimewajua vizuri kabisa, na ningekuwa nimewadanganya. Nimefikiria jambo hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Sentensi ya kwanza nimeshaipata, na nadhani hawataipigia makofi. Nitawasalimia, kisha nitasema: kuhusu makato sina habari yoyote niliyowaletea, nimekuja kwa ajili ya kuni. Halafu nitaanza na wale wanaolima mashamba ya kukodi, kwa sababu nimeambiwa wao ndio wengi.