Kicheko Mbele ya Mnyonya-Damu

Kazi ya sanaa inayotisha na kuchekesha kwa wakati mmoja huhukumiwa kwa haraka. Wapo wasemao kwamba kicheko huiondolea hofu uzito wake, na kwamba jambo zito likichekwa limekwisha kudharauliwa. Sisi hatuoni hivyo. Twapenda kuutetea msimamo wetu kwa kuitazama filamu moja ya kigeni tukiwa tumesimama Masasi na Newala, ambako sanaa ya namna hiyo ina wenyewe. Wala sinema si ngeni huko: mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita katika miji hiyo miwili akiwa na mashine ya kupigia picha za sinema.

Filamu tunayoizungumzia ni The Fearless Vampire Killers ya Roman Polanski, iliyotolewa mwaka 1967. Profesa Abronsius, mzee msomi, anafika na msaidizi wake Alfred katika kijiji cha Transylvania kilichofunikwa na theluji. Katika nyumba ya wageni vitunguu saumu vimetundikwa kila mahali, lakini wanakijiji wanakana kuwapo kwa ngome yoyote jirani. Kisha kabaila von Krolock, mnyonya-damu, anamteka Sarah, binti wa mwenye nyumba, na wageni wale wawili wanamfuata ngomeni.

Kicheko chatoka wapi? Hakitoki kwa kabaila, ambaye ni mtu wa adabu tele. Chatoka kwa wanaokuja kumwangamiza. Profesa ameyasoma yote yaliyomo vitabuni, ila saa ya kutenda inapofika anakwama dirishani. Mwenye nyumba, ambaye ni Myahudi, naye anageuka mnyonya-damu; mtumishi wake anamwonyesha msalaba, naye anacheka tu, kwani silaha ya imani haimtishi asiye wa imani hiyo. Mwishoni profesa anaendesha gari la theluji akijiona mshindi, na nyuma yake Sarah, aliyekwisha kuambukizwa, anamng'ata Alfred. Hivyo msomi ndiye anayeusafirisha uovu kwenda ulimwenguni. Polanski hakucheka kwa kutoujua uovu: mama yake aliuawa na Wanazi huko Auschwitz.

Filamu ina kasoro. Sarah hapewi nia wala akili. Ni chambo tu. Lakini njia yake ya kuchanganya hofu na kicheko yafanana na ile ya Wamakonde. Katika ngoma ya mapiko mchezaji huvaa kinyago na kuwa kama mfu aliyerudi. Wasiopitia jando humkimbia, ilhali wakubwa hucheka, maana kinyago huweza kuwa sura ya mgeni mwenye cheo. Hali kadhalika vinyago vya mashetani, mtindo ulioanzishwa na Samaki Likankoa katika miaka ya 1950: jicho limekaa pasipo pake, mdomo umepindana, kiungo kimoja hakipo. Mtazamaji hutabasamu kwanza, kisha husita.

Nasi tunaye mnyonya-damu wetu. Neno mumiani limo tayari katika kamusi ya Krapf ya mwaka 1882, na wakati wa ukoloni watu wengi waliamini kwamba wapo waliotumwa kuchukua damu ya wananchi ili itengenezwe dawa. Imani hiyo iliua: mwaka 1959, huko Buguruni, Dar es Salaam, fununu za mumiani zilizusha ghasia, na askari polisi mmoja akauawa. Hata hivyo wanahistoria kama Luise White wameonyesha kwamba ndani ya uvumi huo mlikuwamo mazungumzo ya watu kuhusu utawala uliochukua nguvu zao bila kuwauliza. Lugha yetu ilikwisha kulijua hilo. Mwaka uleule wa filamu, Azimio la Arusha lilipowakemea wanyonyaji, hapakuwa na haja ya kumfafanulia mkulima wa Newala maana ya kunyonywa.

Ndiyo maana twaileta filamu hii mbele ya walimu. Mwanafunzi akiingia darasani na habari za mumiani, mwalimu anaweza kumcheka kama ajuaye anavyomcheka asiyejua. Huko ni kushika msalaba mbele ya asiyeuamini: mtoto atanyamaza, naye atarudi nyumbani na hofu yake nzima, labda pamoja na jiwe mkononi. Au aweza kucheka pamoja naye, kama wakubwa wanavyocheka mbele ya mapiko, wakijua kwamba chini ya kinyago yumo mtu. Hapo ndipo darasa liulizwe: uvumi huu ulianza lini, anayeshukiwa ni nani, amekosa nini, na ni jasho la nani hasa lililochukuliwa? Maswali hayo yaandikwe ubaoni kabla ya mtu yeyote kuambiwa kuwa ni mjinga.