Weusi wa Buibui: Kuipima Kamera Kuukuu

Imekuwa ada siku hizi picha ya harusi kusifiwa kwa upya wa kamera iliyoipiga, na juzi nimeoneshwa moja iliyoshangiliwa na kila aliyeiona, ilhali mabuibui ya mashangazi wa bibi harusi yamegeuka rangi ya jivu, na kanzu ya bwana harusi imekuwa bato jeupe lisilo darizi wala mkunjo. Picha ile ni mbovu. Nalisema jambo hili waziwazi kwa kuwa vijana huniuliza kama kamera isiyo na kioo cha kuakisia, iliyotengenezwa miaka kumi na zaidi iliyopita, ingali inamfaa mwanagenzi, nao huwa wamekwisha kuaminishwa na picha za namna hiyo kwamba haimfai.

Inamfaa. Sony a6000 ilitoka mwaka 2014 na megapikseli 24, nazo zatosha na kuzidi kwa picha yoyote itakayotundikwa sebuleni. Haina skrini ya kugusa, haichukui video ya 4K, wala mwilini mwake hamna cha kutuliza mtikisiko wa mkono. Lakini lenzi atakayoinunulia leo itaingia katika kamera mpya za ukoo huohuo, kwani kishikizo chake hakijabadilika tangu 2010.

Jambo ambalo mwanagenzi hulipita kila mara ni weusi. Yeye huhesabu michubuko ya mwili wa kamera, akauliza imepiga picha ngapi, akaridhika. Mjuzi huitoa lenzi, akaliacha tundu wazi kabisa, akamulika tochi ya simu kwa nyuma, mshazari, akachungulia. Vumbi ni nukta, na nukta chache hazidhuru. Akiona nyuzi nyembamba zinazotambaa kutoka ukingoni, hilo ni kuvu, ugonjwa uliozagaa kwetu pwani kwa sababu ya unyevu na ya lenzi kufungiwa kabatini ndani ya mikoba ya ngozi. Nalo hula utando wa kioo hata fundi hodari akiisafisha alama husalia. Lenzi ya namna hiyo kivulini huonekana nzima, ila ikielekezwa penye mwanga, nuru hutawanyika ndani ya kioo ikayaangukia yale yaliyo meusi, na hapo buibui huwa jivu.

Muuzaji mmoja, ambaye simtaji, huzivika lenzi zake filta mpya zinazong'ara, na mteja akitaka kujaribu humwelekeza kwenye rafu za duka, taa zikiwa nyuma ya mpigaji, mahali ambapo hata kioo kilichooza hutoa picha ya kupendeza. Mzee aliyenifunza kazi hii Mombasa, Mungu amrehemu, hakununua lenzi kabla ya kuwaketisha mwenye kanzu na mwenye buibui pamoja, dirisha nyuma yao. Picha akaisafisha usiku, asubuhi akaitazama juani, na mikunjo ya buibui isipohesabika nalo likiwa bado jeusi, lenzi huirudisha bila ya kujadili bei. Mkanda wakati ule ulikuwa na picha 36, na kila moja ilifikiriwa kabla ya kidole kushuka. Atazamaye picha za Ranchhod Oza, aliyeifungua Capital Art Studio huko Unguja mwaka 1930, ataelewa weusi niunenao.

Sensa nayo, kwa kuwa hubaki wazi lenzi itolewapo, ipimwe kwa kupiga ukuta mweupe kwa f/16. Madoa yatajitokeza yenyewe.

Fauka ya hayo, anayeanza asinunue lenzi ya kuvuta. Milimita 35, ya urefu mmoja, ndiyo lenzi ya kujifunzia, na miguu ifanye kazi iliyobaki. Fedha zitakazosalia zinunue betri ya pili, maana ile moja, hata ikiwa mpya, hukadiriwa picha 360 hivi, na sanduku lisilopitisha hewa lenye pakiti za kukausha unyevu. Mkoba wa ngozi auache dukani.