Epidurali: Dawa Ipi, au Kiasi Gani?

Mwaka 1979, daktari wa usingizi wa Marekani, George Albright, aliandika tahariri katika jarida la Anesthesiology iliyowashtua wenzake. Alieleza habari za wagonjwa ambao mioyo yao ilisimama ghafla baada ya kuchomwa dawa za ganzi za bupivakaini au etidokaini, na jinsi ilivyokuwa vigumu kuwarudisha. Miaka michache baadaye, bupivakaini ya asilimia 0.75 iliacha kupendekezwa kwa ganzi ya wajawazito nchini humo. Msako wa dawa ya kuirithi ulishika kasi, na mwaka 1996 ropivakaini ikaingia sokoni ikiwa na sifa mbili: ni salama zaidi kwa moyo, na hailegezi miguu ya mzazi sana. Uchambuzi huu unaangalia jinsi dawa hizo mbili zilivyolinganishwa, na kwa nini mlinganisho wa mwanzo ulikuwa na kasoro.

Katika epidurali, daktari hupitisha mrija mwembamba mgongoni na kuuacha nje kidogo ya utando unaozunguka uti wa mgongo. Dawa inayopita humo huziba milango ya sodiamu kwenye mishipa ya fahamu, na taarifa za maumivu hazifiki kwenye ubongo. Ikiwa nyepesi, maumivu hukatika huku miguu ikibaki na nguvu. Ikiwa kali, miguu hufa ganzi na mama hushindwa kusukuma mtoto ipasavyo. Hatari kubwa zaidi huja mrija ukiwa umeingia ndani ya mshipa wa damu bila mtu kujua, kwa kuwa milango ya aina hiyo imo pia kwenye moyo. Lignokaini, dawa nyingine ya ganzi, huingia kwenye milango ya moyo na kutoka upesi. Bupivakaini huingia upesi vilevile, lakini ni mgeni asiyejua kuaga: mapigo mengine yanakuja nayo bado imekaa mlangoni.

Kwa nini basi lignokaini isitumike moja kwa moja? Dawa hiyo, iliyotengenezwa Sweden na Nils Löfgren mwaka 1943, hushika haraka na kuisha haraka. Kwa uchungu wa saa nyingi ingebidi kuirudia mara kwa mara, na kila inaporudiwa nguvu yake huelekea kupungua. Nafasi yake hasa ni pale mzazi mwenye mrija tayari anapohitaji upasuaji wa dharura. Hapo mililita 20 za lignokaini ya asilimia 2 yenye adrenalini hufanya kazi ambayo bupivakaini ya asilimia 0.5 huichelewesha. Lakini hesabu lazima ifanywe. Mililita hizo 20 zina miligramu 400. Kikomo kinachotumiwa na wengi, dawa ikiwa na adrenalini, ni miligramu 7 kwa kila kilo ya uzito, yaani 420 kwa mama wa kilo 60. Bila adrenalini kikomo hushuka hadi 4.5 kwa kilo, na mama huyohuyo hatakiwi kuzidisha miligramu 270. Kwa hiyo bomba lilelile la sindano huwa ndani ya mpaka au nje yake kulingana na uwepo wa adrenalini.

Turudi kwa bupivakaini na ropivakaini. Majaribio mengi ya mwanzo yalizipambanisha kwa asilimia sawa, kwa mfano 0.25 kwa 0.25. Kina mama waliopewa ropivakaini walionekana kuwa na miguu yenye nguvu zaidi, na dawa ikasifiwa. Mlinganisho huo ulichukulia kwamba miligramu moja ya hii ina nguvu sawa na miligramu moja ya ile. Hilo lilikuwa bado halijathibitishwa.

Njia ya kulithibitisha ilikuwa imeshatolewa na Malachy Columb na Gordon Lyons wa Uingereza mwaka 1995. Mzazi wa kwanza alipewa mililita 20 za dawa yenye ukali fulani. Kisha aliulizwa maumivu yake yako wapi kwenye mstari wa milimita 100. Yakishuka hadi milimita 10 au chini ndani ya muda uliowekwa, dawa ilihesabiwa imefaulu, na mzazi aliyefuata alipewa iliyopunguzwa ukali kwa hatua moja ndogo. Isipofaulu, aliyefuata aliongezewa hatua hiyohiyo. Kwa kupanda na kushuka hivyo, matokeo yalizunguka kwenye ukali unaotosheleza nusu ya wazazi. Kwa bupivakaini ilikuwa asilimia 0.065, na kwa lignokaini 0.37.

Mwaka 1999 makundi mawili, moja Marekani likiongozwa na Linda Polley na jingine Italia likiongozwa na Giorgio Capogna, yalitumia njia hiyo kwa ropivakaini. Polley alipata asilimia 0.067 kwa bupivakaini na 0.111 kwa ropivakaini. Capogna alipata 0.093 na 0.156. Namba zao zinatofautiana, lakini uwiano ni uleule: ropivakaini ina takriban asilimia 60 ya nguvu ya bupivakaini. Kumbe sehemu ya ule wepesi wa miguu ilitokana na kutoa dawa hafifu zaidi. Sifa ya usalama nayo ililazimika kupimwa upya, kwa sababu dawa inayohitaji miligramu nyingi zaidi hutumia sehemu ya faida yake kufikia ganzi ileile.

Njia hii nayo ina mipaka. Inaonyesha ukali unaotosheleza nusu ya wazazi, na hakuna daktari anayeingia leba akitaka nusu yao waendelee kulia. Nguvu za dawa mbili zinaweza kukaribiana au kuachana tukipanda hadi kiwango kinachowatosha karibu wote. Hata hivyo ilibainisha kosa la msingi: kulinganisha asilimia zilizoandikwa kwenye chupa badala ya kazi iliyofanyika.

Ushahidi mwingine ulitoka Uingereza mwaka 2001, katika utafiti wa COMET wa wazazi 1,054 waliokuwa wakijifungua kwa mara ya kwanza. Dawa haikubadilishwa, ilikuwa bupivakaini ileile. Kundi moja lilipewa ya asilimia 0.25 kwa mtindo wa zamani. Makundi mengine mawili yalipewa dozi ndogo iliyochanganywa na dawa ya maumivu iitwayo fentanili. Katika kundi la kwanza, asilimia 35 walijifungua kwa njia ya kawaida bila kuvutwa mtoto wala kupasuliwa. Katika yale mengine ilikuwa karibu asilimia 43. Faida iliyokuwa ikitafutwa kwenye dawa mpya ilipatikana kwa kuipunguza ile ya zamani.

Jambo hili lina uzito kwetu Afrika Mashariki, ambako epidurali ya uchungu hupatikana zaidi katika hospitali kubwa na za binafsi, na bupivakaini ndiyo iliyozoeleka. Lakini sehemu kubwa ya hiyo ni ile nzito yenye glukosi, iliyotengenezwa kwa ganzi ya uti wa mgongo wakati wa upasuaji. Kwa epidurali inatakiwa isiyo na glukosi wala kihifadhi.

Ropivakaini ni dawa nzuri, na hospitali yenye uwezo haitajuta kuinunua. Ila kwa ukali mdogo unaotumika leba leo, tofauti yake na bupivakaini ni ndogo kuliko ilivyotangazwa. Mkuu wa idara mwenye bajeti finyu aanze na haya: bupivakaini ya asilimia 0.1 pamoja na fentanili, dozi zigawanywe kidogo kidogo, bomba livutwe kuangalia damu kabla ya kila dozi, na mafuta ya lipidi ya asilimia 20 yawe chumbani humohumo. Mama wa kilo 60 moyo ukisimama kwa sababu ya dawa ya ganzi, dozi ya kwanza ya mafuta hayo ni mililita 90, huku kifua kikiendelea kukandamizwa.