Xbox ya Mtunga Michezo na Xbox ya Mnunuzi

Katika vyombo vyote vya elektroniki vilivyokwisha kutumika ng'ambo ambavyo wafanyabiashara huvipitisha Mombasa, Kampala na Kasindi hadi kuvifikisha katika masoko ya Beni na Butembo, sioni kimoja kinachofaa zaidi kumfunza fundi kijana siri za kazi yake kuliko konsoli ya kwanza ya Xbox, ile iliyoanza kuuzwa Marekani tarehe 15 Novemba 2001. Nasema hivi si kwa ajili ya michezo yake, ambayo vijana wa leo wataiona imechakaa, bali kwa kuwa mashine hiyo ilitengenezwa kwa sura mbili: moja ya mnunuzi, nyeusi, iliyotiwa makufuli ya kila namna, na nyingine ya watunga michezo, ambayo kampuni ya Microsoft iliwapa wale waliokuwa wakiiandikia programu, aghalabu ikiwa ndani ya ganda la plastiki ya kijani lipitishalo nuru. Mwenye kuzilinganisha sura hizo mbili kwa makini atadhihirikiwa kwamba kilichozitenga ni idhini zaidi kuliko madini, na kwamba idhini hiyo ilitiwa kwa mkono wa binadamu, mahali maalumu pa bodi, ambapo mkono wa binadamu mwingine waweza kupafikia.

Na madini tunayajua sisi watu wa mashariki mwa Kongo. Mwaka 2000, bei ya tantali ilipopaa ghafla kwa sababu ya simu za mkononi, konsoli na ulanguzi wa wenye mitaji, watu wa Masisi, Walikale na Lubero waliacha majembe wakafuata mashimo ya koltani, jiwe linalotoa tantali. Na bei iliposhuka mwaka uliofuata, yaani kabla hata Xbox haijafika dukani, wengi walibaki na mashimo yao na mashamba yaliyomea magugu. Kwa hiyo si haki hata kidogo kwamba nchi iliyotoa udongo wa vyombo hivi ikose watu wa kuelewa jinsi vinavyofanya kazi.

Tofauti ya kwanza ni ya kumbukumbu. Mashine ya mnunuzi ilikuwa na prosesa ya Intel ya megahezi 733 na kumbukumbu ya megabaiti 64, ambayo prosesa hiyo iliitumia kwa ushirika na chipu ya picha ya Nvidia. Ya mtunga michezo ilikuwa na megabaiti 128, kwa maana mtunzi huhitaji nafasi ya kuweka zana za kupeleleza makosa kando ya mchezo wenyewe. Walakini ifungue mashine ya mnunuzi ya matoleo ya mwanzo, uondoe diski na kisomeo cha dividii, kisha uitazame bodi chini ya taa: utaziona chipu nne za kumbukumbu, kila moja ya megabaiti 16, na utaviona pia viwanja vinne vitupu, kila kimoja kimezungukwa na vituo mia moja vya kulehemia, vyote vikingojea chipu ambazo hazikuja. Kiwanda kilijiepusha na gharama ya kuchora bodi mbili zilizo mbali mbali. Kikajaza nafasi hizo kwa watunzi na kuziacha wazi kwa wanunuzi.

Ndiyo maana mafundi wa nchi nyingi wamefaulu kuipandisha mashine ya dukani hadi megabaiti 128. Kazi yenyewe hutaka subira kuliko nguvu: kusafisha vituo, kuilaza chipu mpaka miguu yake yote iangukie mahali pake, kuishika kwa tone la risasi katika pembe mbili zinazokabiliana, kisha kuupitisha mkondo wa risasi juu ya miguu iliyopakwa flaksi, polepole, na mwishowe kupima kwa testa kila mguu na jirani yake, kwa kuwa daraja moja la risasi jembamba kama unywele latosha kuizuia mashine isiwake. Nne mara mia moja ni miguu mia nne. Na baada ya taabu hiyo yote, michezo ya dukani haitakwenda mbio zaidi, kwani iliandikwa kwa megabaiti 64 na haijui kutafuta zaidi. Anayefaidika ni mwenye kuandika programu zake mwenyewe au kuendesha zile za watunzi. Matoleo ya mwisho, yale yaitwayo 1.6, yaliondolewa viwanja hivyo vitupu, basi mtu asinunue chipu kabla ya kuhakikisha ana toleo lipi.

Tofauti ya pili ni ya makufuli, na hapa ndipo palipo na elimu kubwa. Ndani ya mojawapo ya chipu kuu za mashine ya mnunuzi ilifichwa programu ndogo mno ya baiti 512, ambayo prosesa huisoma kabla ya kitu kingine chochote; nayo ndiyo iliyobeba ufunguo wa kufumbulia yaliyomo katika chipu ya flashi. Andrew Huang, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu katika chuo cha MIT, alipoisoma flashi hiyo alikuta katika baiti 512 za mwisho programu ya kuanzishia mashine, akajaribu kuitumia kufumbua yaliyobaki, nayo haikufumbua kitu. Yalikuwa masalio ya toleo la zamani, yaliyosahauliwa humo wakati wa matengenezo, na kutokana na kushindwa kwake akakata shauri kwamba programu ya kweli imekaa kwingine. Hivyo akaunda bodi ndogo ya kunasia data, akaiunganisha na nyuzi za shaba zinazopita kati ya chipu mbili kuu, mahali ambapo wabunifu walidhani hapana awezaye kusikiliza kwa kuwa data hupita kwa kasi kubwa sana. Na mwaka 2002 akaupata ufunguo ukipita pale mtupu, bila kuvikwa fumbo lolote.

Kosa jingine lanivutia zaidi, kwa sababu asili yake ni katika siku za majaribio. Programu ile ya siri, ikikuta flashi imechezewa, ilipaswa kujizima na kuiacha prosesa ikimbie hadi mwisho wa anwani zote za kumbukumbu, ambako ingekwama. Ni kweli kwamba prosesa za AMD hukwama hapo. Na Xbox ilianza kubuniwa kwa prosesa ya AMD, kabla Microsoft haijageukia Intel dakika za mwisho. Prosesa ya Intel haikwami: huzunguka na kuanza tena katika anwani ya sifuri, ambayo ni kumbukumbu ya kawaida, na anayejua hayo huweza kutangulia kuandika hapo amri ya kuipeleka prosesa atakako. Michael Steil, mmoja wa waliochangia kuipatia Xbox mfumo wa Linux, aliyaeleza haya mwaka 2005 alipoorodhesha makosa kumi na saba ya ulinzi wa mashine hiyo. Mabadiliko ya sehemu moja yalifanywa, lakini dhana iliyojengwa juu ya sehemu ya kale ikaachwa pale pale. Kila fundi aliyebadilisha transfoma ya redio bila kuangalia fyuzi yake anaijua hatari ya namna hii.

Microsoft walipobadilisha ulinzi huo katika toleo la 1.1 walitumia hesabu ya kufumba iitwayo TEA, iliyotungwa Cambridge mwaka 1994, ili kuhakiki yaliyomo katika flashi. Lakini TEA ina udhaifu wa kwamba ukigeuza biti mbili maalumu kwa pamoja jawabu halibadiliki, kwa hiyo haifai kabisa kwa kazi ya kuhakiki, na mlango ukafunguka mara ya pili.

Sasa kuhusu mashine yenyewe ya mtunga michezo, msomaji ataona ajabu kwamba hiyo nayo ilikuwa na kufuli, ila limegeuzwa upande. Ilikubali programu zenye sahihi ya siri ya watunzi na kuzikataa dividii zinazouzwa madukani, hata mwenye kuipata kwa mnada hukuta hawezi kucheza mchezo wa kawaida. Kuigeuza maana yake ni kubadilisha programu iliyomo katika flashi, iwekwe mle inayozikubali sahihi zote mbili. Kabla ya hayo yote, fundi mwadilifu hunakili flashi yote, kisha hunakili chipu ndogo ya EEPROM yenye baiti 256, kwani katika mashine ya mnunuzi humo ndimo mnamotoka neno la siri la kufungulia diski, na ikipotea hiyo, diski hubaki chuma tu. Mimi naona mashine ya mtunga michezo, ambayo ni haba na imekuwa sehemu ya tarehe ya elimu hii, isiguswe ikiwa bado inafanya kazi. Achukuliwe ndugu yake wa dukani wa toleo la kwanza, afungwe chipu ya ziada katika tundu la LPC lililoachwa juu ya bodi, uunganishwe na ardhi uzi mmoja wa data wa flashi ambao wenyewe huuita D0, na mashine, ikikosa kuisoma flashi yake, itakwenda kusoma ile chipu mpya. Uzi huo ukikatwa, mashine hurudi ilivyokuwa.

Yabaki mambo mawili ambayo kwa Butembo ni ya lazima. Mji huu umeishi miaka mingi kwa jenereta na mitambo midogo ya maji, na umeme wake hupanda na kushuka. Nazo Xbox zilizouzwa Marekani na Japani hutaka volti kama 110, zile za Ulaya 220 hadi 240, na maandishi yaliyo chini ya ganda yasomwe kabla ya kuchomeka waya. Isitoshe, mwezi wa Februari 2005 Microsoft walitangaza kubadilisha waya za umeme za mashine milioni 14.1 kwa kuhofia moto, na mashine iliyotumika ng'ambo yaweza kuwa bado na waya ule wa zamani.

La pili ni kapasita ya saa, kijungu cha farad moja kilichowekwa katika matoleo yaliyotangulia 1.6 ili kutunza saa wakati umeme umekatika. Baada ya miaka hii ishirini na zaidi hupasuka chini, hutoa maji makali, na maji hayo hula nyuzi za shaba zilizo karibu nayo, hata mashine ikawa inajiwasha yenyewe au haiwaki kabisa. Iondolewe kwanza, kabla ya chipu, kabla ya kumbukumbu, kabla ya lolote. Mashine huwaka bila hiyo, ikipoteza saa tu. Paoshwe kwa alkoholi na mswaki laini, kisha kila uzi upimwe kwa testa kutoka mwisho hadi mwisho, na ule ulioliwa uunganishwe kwa waya mwembamba ulioparwa ncha zake mbili.