Sifa za Mpira Mrefu

Kila timu hupoteza mpira. Kinachochaguliwa ni mahali pa kuupoteza. Anayejenga mashambulizi kutoka nyuma anajua kwamba pasi moja ya kipa ikikatwa, mpinzani yuko hatua chache tu na lango. Anayepiga mpira mrefu hupokonywa mara nyingi zaidi, lakini hupokonywa mbali, mabeki wake wakiwa bado mahali pao. Wapinzani wanaokabia juu nao huacha uwanja wazi migongoni mwao. Hata sheria inasaidia: anayepokea mpira moja kwa moja kutoka golikiki haotei.

Mashabiki huuita mtindo huu butuabutua. Kwa timu nyingi jina hilo linastahili. Kwa Norwei ya Egil Olsen ni uonevu.

Olsen alianza kuinoa timu hiyo mwaka 1990, ikiwa haijacheza Kombe la Dunia tangu 1938. Chini yake, beki wa kushoto Stig Inge Bjørnebye aliuinua mpira kimshazari hadi upande wa pili wa uwanja, alikosimama Jostein Flo. Huyu kwa asili alikuwa mshambuliaji wa kati, mrefu, hodari wa vichwa. Olsen alimhamishia winga ya kulia kwa makusudi, maana huko angekabwa na beki wa pembeni, ambaye kwa kawaida ni mfupi kuliko mabeki wa kati. Lakini uzuri wenyewe ulikuwa kwa wasio na mpira: kabla Flo hajaruka, viungo kama Øyvind Leonhardsen walikwishaanza kukimbilia pale kichwa chake kingeudondosha. Bila mbio hizo, pasi ya Bjørnebye ingekuwa kubutua tu.

Norwei iliifunga Uingereza 2–0 mjini Oslo mwaka 1993, ikafuzu Kombe la Dunia la 1994 na la 1998, na tarehe 23 Juni 1998, huko Marseille, ikaichapa Brazil, bingwa mtetezi, 2–1.

Ufundi huu hutaka nafasi nyuma ya mabeki, na timu inayokaa ndani haiiachi. Marekani, mwaka 1994, Italia ilibaki na wachezaji 10 mapema baada ya kipa Gianluca Pagliuca kupewa kadi nyekundu, na bado ikaishinda Norwei 1–0 kwa bao la Dino Baggio. Timu zote 4 za kundi zilimaliza na pointi 4. Norwei, iliyofunga bao 1 katika mechi 3, ilishika mkia.