Ndoo Moja ya Saruji Imeiharibu Dohani Nzima

Video ile mmeitazama, najua. Imezunguka simu kwa simu, Lushoto, Njombe, Mufindi mpaka Limuru na Molo, na karibu kila aliyenitumia ameongeza maneno yale yale: kazi safi, fundi Mungu ambariki. Dohani ya nyumba ya zamani ya milimani inashughulikiwa kuanzia kofia hadi mekoni, na mwishoni moto unawaka sebuleni, wenye nyumba wamekaa mbele yake na vikombe vya chai. Nimeitazama nikisimamisha na kurudisha nyuma. Dohani ile ilikuwa na hali nzuri zaidi kabla fundi hajapanda jukwaa kuliko ilivyo leo, na kilichoiharibu ni uamuzi mmoja, wa dakika ya tisa, gunia la saruji lilipochanwa.

Yaliyotangulia yalikuwa sahihi. Koo lilisuguliwa kwa brashi ya waya kuanzia juu, masizi yakazolewa yote chini, kiota cha ndege kikatolewa, bati la maungio ya paa na dohani likabadilishwa na kuchomekwa ndani ya ukuta badala ya kupakwa lami tu. Kofia nayo imetokeza nje ya ukuta ili maji yadondoke mbali. Vizuri.

Sasa dakika ya tisa. Kamera inasogezwa kwenye maungio, fundi anakwangua kwa ncha ya msumari. Mchanganyiko wa zamani unatoka mweupe, laini, una chembechembe nyeupe ndani yake. Anageuka na kusema, "Hii haina nguvu." Saidia fundi anaitikia. Grinda inawashwa, maungio yanachimbwa, na kingo za matofali zinaliwa pamoja nayo. Rudini mtazame, baada ya vumbi jeupe linafuata vumbi jekundu, na vumbi jekundu ni tofali. Kisha saruji ndoo moja, mchanga ndoo tatu. Unashindiliwa, unapigwa pointi kwa chuma mpaka unang'aa.

"Hii haina nguvu." Tangu nisikie maneno hayo sijatulia. Chembe nyeupe zile ni chokaa, na yeyote aliyewahi kuzima chokaa anazitambua bila kuuliza. Mchanganyiko ule umeishika dohani iliyo wazi pande zote nne juu ya paa, masika na vuli, kwa vizazi, na ulipochoka ulichoka juu juu, sentimita mbili tatu. Nguvu ulikuwa nayo ya kutosha. Aliyeujenga ukuta ule alitaka maungio yawe laini kuliko tofali, na hivyo ndivyo yalivyokuwa mpaka fundi wetu alipofika.

Tofali la zamani lililochomwa kwa kuni linanyonya maji. Mvua ikipiga dohani, maji yanaingia, hilo halizuiliki. Swali ni yatatokea wapi jua likiwaka. Chokaa ina vinyweleo. Maji yanatoka kupitia maungio, na chumvi zinazosafiri na maji hayo zinakauka kwenye maungio na kuyala polepole. Baada ya miaka mingi fundi anakwangua yaliyoliwa na kujaza upya. Maungio ni kama fyuzi ya umeme: yamewekwa pale ili yaungue yenyewe na kuokoa kilicho ghali. Sasa jaza saruji ya moja kwa tatu. Njia ya kutokea imezibwa. Maji yanatafuta sehemu laini iliyobaki, nayo ni uso wa tofali lenyewe. Chumvi inaganda nyuma ya uso huo, inausukuma, na uso unabanduka vipande vipande. Uingereza na Marekani barafu humalizia kazi hiyo kwa haraka. Kwetu, nyanda za juu, chumvi na kulowa na kukauka vinatosha. Baada ya muda utaona ajabu inayoonekana kwenye dohani nyingi za zamani: mistari ya saruji imesimama mizima, matofali katikati yake yamerudi ndani.

Kuna maji mengine ambayo wasifiaji wa video hawayahesabu. Kuni zenyewe zinatoa maji. Kilo moja ya kuni, hata ziwe kavu kabisa, ikiungua inatoa kama nusu lita ya maji yaliyo katika hali ya mvuke, maana haidrojeni iliyo ndani ya mti inaungana na oksijeni. Mvuke huo unapanda na moshi, unafika sehemu ya juu ya koo ambako ukuta umepoa kwa upepo wa nje, unatonesha. Unachanganyika na asidi za moshi na kuingia kwenye maungio kutokea ndani. Kwa hiyo dohani inalowa kutoka pande mbili, na fundi ameufunga upande wa nje.

Halafu kuna joto. Dohani inapanuka jioni na kusinyaa alfajiri. Chokaa inafuata mwendo huo, na ikipata ufa mwembamba, maji ya mvua huyeyusha chokaa kidogo na kuirudisha ndani ya ufa ule ule, ukajiziba. Saruji ngumu haifuati. Inaachana na tofali kwa ufa usioonekana kwa macho, ufa unaoingiza maji kwa urahisi na kuyatoa kwa shida. Ndiyo maana nasema dohani ile italowa zaidi sasa kuliko ilipokuwa na maungio yaliyoliwa.

Nimeshaandika kuhusu saruji mara nyingi na nitaendelea. Nendeni Mji Mkongwe wa Zanzibar, mahali palipoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, mtazame kuta za mawe ya matumbawe zilizopigwa lipu ya saruji: lipu imevimba, imebanduka kama ganda, na jiwe nyuma yake limelowa. Ukuta wa jirani wenye lipu ya chokaa unapumua. Somo hili lilikuwa letu kabla halijawa la mtu mwingine. Mafundi wa pwani walichoma matumbawe kwa kuni, wakazima chokaa yao kwa maji, wakaiacha ikae muda mrefu kabla ya kuigusa, na kwa chokaa hiyo wakainua kuba za Msikiti Mkuu wa Kilwa katika karne ya 14. Hawakuwa na saruji; Joseph Aspdin alipata hataza yake ya saruji ya Portland huko Uingereza mwaka 1824 tu. Leo kijana anahitimu uashi bila kushika chokaa isipokuwa ya kupaka ukuta rangi nyeupe, na tunashangaa anaposema haina nguvu. Huko Uingereza kwenyewe, chama alichokianzisha William Morris mwaka 1877 kulinda majengo ya kale hadi leo kinawahimiza wenye nyumba watumie chokaa. Wasomaji wetu walioko Leeds au Birmingham, wenye nyumba za matofali za enzi ya Malkia Victoria, wana tatizo lile lile juu ya paa lao, pamoja na barafu.

Tuingie ndani, maana ndoo ile ile ilishuka kutoka jukwaani ikaingia mekoni. Dakika ya kumi na nne: nyufa za ukuta wa nyuma ya moto zinazibwa kwa saruji ile ile ya pointi. Hapa hakuna hata ubishi wa ladha. Saruji iliyokomaa ina hidroksidi ya kalsiamu, na joto likifika nyuzi 400 na kuendelea inaanza kupoteza maji yake na kuvunjika. Moto ukizimika na unyevunyevu ukarudi, kilichobaki kinanyonya maji tena, kinavimba, kinapasuka. Ukuta wa nyuma ya moto unataka matofali ya moto na udongo wa mfinyanzi unaostahimili joto, maungio membamba, milimita tatu hadi sita. Mama anayefinyanga majiko ya udongo anajua hili; hajawahi kutia saruji ndani ya jiko lake.

Moshi unapanda vizuri mwishoni, ndiyo, na wengi mmeuchukua huo kuwa ushahidi. Sifa hiyo ni ya aliyejenga. Tazameni umbo la meko: ukuta wa nyuma mwembamba kuliko mdomo wa mbele, kuta za pembeni zimefunguka kwa mshazari ili zirushe joto chumbani, kina kifupi, koo limebanwa pale juu ya moto. Umbo hilo ni la Rumford. Benjamin Thompson, mzaliwa wa Massachusetts aliyekuja kuitwa Count Rumford, alichapisha insha yake juu ya meko mwaka 1796, wakati ambapo meko za London zilikuwa mapango yanayomeza joto na kutapika moshi. Tiba yake ilikuwa kuyapunguza: sogeza ukuta wa nyuma mbele, geuza pembe za pembeni, bana koo libaki inchi nne. Aliuliza kwanza moshi unataka nini, ndipo akashika tofali. Fundi wa video aliuliza kipi kigumu zaidi dukani.

Wapo walioniandikia kwamba dohani yao ilipigwa saruji miaka mingi na haijavuja. Kama imejengwa kwa tofali gumu la kisasa na saruji tangu mwanzo, hakuna tatizo. Saruji juu ya saruji ni sawa. Kama ni ya chokaa, pandeni ngazi mkatazame nyuso za matofali, na mguse upande wa dari ndani ya nyumba baada ya mvua ya siku mbili. Kutovuja sebuleni hakuthibitishi kitu. Maji yanakaa ndani ya ukuta muda mrefu kabla ya kuonekana kwenye rangi.

Kilichopaswa kufanyika hakina siri. Tindo nyembamba na nyundo, grinda ibaki chini. Kukwangua kina cha mara mbili ya upana wa ungio, kusafisha vumbi, kulowesha ukuta. Chokaa iliyolowekwa mpaka ikawa laini kama siagi, sehemu moja kwa mchanga mkali uliochekechwa sehemu tatu, na kwa kuwa dohani iko wazi kwa mvua, kuongeza vumbi la tofali lililochomwa vizuri na kusagwa, ambalo linaifanya chokaa ishike hata penye unyevu. Warumi walifanya hivyo. Kisha kujaza kwa tabaka, kugonga kwa brashi ngumu badala ya kulainisha kwa chuma, na kufunika kwa magunia yaliyoloweshwa. Chokaa inakomaa kwa kuvuta hewa ya ukaa kutoka angani, na hiyo inataka wiki kadhaa, siyo usiku mmoja. Kwenye video moto unawashwa kesho yake. Nadhani hapo ndipo saruji iliposhinda: mwenye nyumba alitaka moto kesho, na fundi akampa.

Naelewa haraka hiyo. Juni na Julai milimani baridi haina huruma, na meko ikiwa mbovu watu huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Kila mwaka nalirudia hili na sitaacha: gesi ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na jiko la mkaa linaendelea kuitoa hata moto ukiwa umefifia. Familia zinalala na haziamki. Dohani inayofanya kazi ni kinga ya uhai, ndiyo sababu siwezi kuvumilia inapoharibiwa huku watu wakipiga makofi. Kwa wakati wa kusubiri chokaa ikomae, blanketi la ziada linatosha. Mkaa ubaki nje.

Hukumu, basi. Kusafisha, bati, kofia: namkubali fundi huyo na ningemwita nyumbani kwangu kwa kazi hizo. Pointi na ukuta wa nyuma ya moto: vyote virudiwe. Mwenye nyumba ana bahati moja tu, kwamba saruji ile bado changa. Ikiachwa ikakomaa na kushikana na tofali, kuing'oa kutavunja kingo zaidi ya kuiacha, na hapo hata mimi ningesema iachwe mpaka ilegee yenyewe. Sasa hivi tindo bado inaweza kuitoa ikishikwa na mkono wenye subira. Asiwashe moto tena mpaka ukuta wa nyuma ujengwe kwa udongo unaofaa.

Na ninyi wenye dohani za zamani mnaosoma haya, chukueni msumari mkwangue ungio moja kabla ya kumruhusu mtu yeyote kuchana gunia. Likitoka jeupe na laini, muulizeni fundi kama anajua kuzima chokaa. Akisema hajui, tafuteni mwingine. Masika huanza Machi. Chokaa iwekwe shimoni sasa, iwe tayari fundi atakapofika.